Fundi Sylvanus na Hofu ya Betri Iliyogeuzwa

Ndugu waombolezaji, Tumsifu Yesu Kristo.

Marehemu Sylvanus Filemon Mallya alizaliwa Kibosho tarehe 9 Machi 1950, mtoto wa tatu wa mzee Filemon na mama Kornelia, wakulima wa kahawa na ndizi, akamaliza shule ya msingi hukohuko mwaka 1964, akajifunza umeme wa magari mjini Moshi, na mwaka 1973 akafungua gereji yake mtaa wa Soweto, mjini humohumo. Alifunga ndoa na Hilda tarehe 8 Novemba 1975, wakajaliwa watoto wawili, Victoria na mimi ninayewasomea, Mathew.

Tarehe 17 Aprili 1979, mvua ikinyesha, aliitwa Kibosho kulikokwama gari kuukuu la Kiingereza, ndani yake yumo Ruth, mama mwenye uchungu wa kuzaa, naye akalibusti, yaani akaliunganisha na betri ya pikapu yake ili liwake, akiamini kwamba ncha hasi ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kumbe kwenye gari lile ni ncha chanya. Waya ziliwaka, altaneta ya pikapu, mtambo unaochaji betri, ikaungua, magari yote mawili yakazima, wanaume wakambeba Ruth kwa machela hadi hospitali, Sylvanus akifuata nyuma, na mara kwa mara akikimbia mbele kumtazama Ruth kama bado anapumua. Mtoto alizaliwa salama, mama akapona, ila fundi hakupona hofu.

Aliulizia kwa wakubwa wa kazi akaelewa: zamani Waingereza walifunga chanya kwenye bodi, wengine wakisadiki kutu itapungua, na dainamo, iliyochaji betri kabla ya altaneta, haikujali, lakini zilipokuja altaneta na redio za transista, ambazo umeme ukigeuzwa huungua papo hapo, watengenezaji wakaafikiana kwamba hasi ndiyo ikae kwenye bodi, ili fundi asikisie. Tangu hapo alizunguka vijijini akiyageuza magari ya zamani, moja baada ya jingine, ili hasi ndiyo ikae kwenye bodi.

Juni 2023 moyo ulianza kumsumbua, akalazwa mara tatu. Januari 2025, akiwa kitandani, alisikia kwamba gari la mzee Anaeli wa Bomang'ombe bado halijageuzwa, akakataa chakula siku mbili, mpaka Victoria, mrithi wa gereji, alipokwenda na kurudi.

"Umepima kwa mita, au umeambiwa?"

"Nimepima mara mbili, Baba. Nimeligeuza."

Akaomba mtori wa ndizi, akamaliza bakuli. Mchana wa kesho yake, tarehe 21 Januari, aliaga dunia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Soweto na Kibosho, na mafundi wenzake mliofunga gereji mkaja kuchimba kaburi hapa kihambani, kwenye shamba la ukoo.

Baba, pumzika kwa amani, magari yaliyobaki tutayapima wenyewe.