Kopo la Noti za Karani Kasimiri

Ndugu wafiwa, Padri, majirani, na nyinyi mliofuata harufu ya wali, wakubwa zangu shikamooni, mimi ni Mabruki bin Mfaume, fundi baiskeli wa Tabora, Mzaramo wa kuzaliwa hapa hapa, na kwa kuwa Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu babu zetu walipobeba mizigo kwenye njia moja ya msafara, familia imeona historia hii niisome mimi, na imefanya la maana, kwa sababu maisha ya marehemu niliyashuhudia kwa macho yangu haya mawili tangu siku anazaliwa, ingawa mimi nilizaliwa miaka sita baadaye.

Marehemu Kasimiri alizaliwa tarehe 4 Machi 1921 hapa Bukene, mtoto wa nne wa mzee Dionis, na siku hiyo ilinyesha mvua mpaka kambale wakaonekana juu ya paa, nilikuwepo, akapewa jina la kaka yake Kasimiri aliyefariki mwaka mmoja nyuma, akarithi jina, akarithi na mbeleko, mama yao akawa anasema huyu amekuja kushika nafasi ya mwenzake na thamani yake ni ile ile, maneno hayo myaweke akilini, tutayarudia.

Alibatizwa misheni ya Ndala, akaanza shule hapo hapo mwaka 1930 na kumaliza darasa la sita mwaka 1936, na Kiingereza alikijua kiasi kwamba Waingereza wenyewe walikuwa wakija kumuuliza, wakati mimi niliishia darasa la pili, si kwa ujinga, walimu ndio walioniishia.

Mwaka 1939 aliajiriwa na reli kuwa mpakia mizigo stesheni ya Bukene, mwaka 1947 akawa karani wa tiketi, na mwaka 1958 akahamishiwa Tabora, akakaa nyuma ya dirisha lile miaka kumi na mitano, Uhuru ukamkuta dirishani, Azimio la Arusha likamkuta dirishani, na hakuna aliyepanda treni bila tiketi, hata nzi alilipa nusu nauli.

Tarehe 11 Septemba 1948, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Pelagia, huyu mama mnayemwona amekaa mkekani, kwa mahari ya ng'ombe kumi na wawili, mmoja wao alikuwa mkorofi nikamburuta kwa sikio kutoka Nzega, na Mungu akawajalia watoto watano, wawili walitangulia wakiwa wadogo, watatu wapo hapa, mkubwa wao mwalimu Anselm anayefundisha Urambo, na Koleta ndiye aliyemuuguza baba yake.

Sasa nifike kwenye kopo, maana najua ndilo mnalolisubiri, hasa shemeji yangu wa utani Tobias, mdogo wa marehemu, aliyefika jana kutoka Igunga na kuuliza habari za kopo kabla hajauliza habari za wafiwa.

Mwaka 1966 tulipopata pesa yetu wenyewe, karani mkuu wa stesheni, Mgoa mmoja mwenye miwani, alimwonyesha marehemu noti ambayo herufi zake mbele ya namba hazikufanana na za wenzake, akamwambia kiwandani noti ikiharibika wakati wa kuchapwa huiondoa na kuweka nyingine mahali pake, hiyo ndiyo noti ya badala, na wapo watu duniani wanazitafuta na kuzihifadhi, basi marehemu akaishika, akaigeuza, halafu akasema, "Kumbe na mimi ni noti ya badala," na tangu siku hiyo kila iliyopita dirishani aliiweka pembeni, akatoa noti ya mshahara wake akaitia kwenye sanduku la reli mahali pake, kwa hiyo serikali haikupungukiwa hata senti, aliyepungukiwa ni Mama Anselm.

Na kwa vile alikuwa karani wa tiketi mpaka kwenye mifupa, na karani wa tiketi hawezi kupokea kitu bila kuandika ni cha nani na kinakwenda wapi, kila noti aliiandika pembeni kwa wino, maandishi madogo kama mayai ya chawa, "Maua, anakwenda Urambo kumwona mjukuu," "Selemani fundi bati, anarudi Mwanza, hana furaha," wote wakaingia kwenye kopo la mafuta ya Kimbo, na mnaotafuna michembe, viazi vyenu vikavu, huko nyuma msicheke, wengine mmo humo.

Mwaka 1969 Mama Anselm aliomba cherehani, kopo lilikuwa linatosha, marehemu akasema noti hizi si za kununulia kitu, zitakuja kuwa na thamani, mama akamwambia, "Basi nikate gauni humo humo kwenye noti zako, nivae niende nazo kanisani," na kuanzia hapo, kwa miaka saba, mama wa watu akashona kwa mkono, akawa hamwiti tena Baba Anselm, anamwita Mwenye Kopo, nanyi majirani ni mashahidi kwamba ndani ya nyumba ile palikuwa na amani ila kopo likitajwa, kuku walikuwa wanahama.

Alistaafu mwaka 1973 akarudi kulima, na mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, lori lilipokuja kutuhamishia huku kijijini, nasema kutuhamishia ingawa mimi nilikuja kuangalia tu, watu walipakia milango, vinu na mbuzi, yeye akapakata kopo, mgambo akamuuliza, "Mzee, umebeba nini humo?" akajibu, "Watu," mgambo akaandika kwenye orodha yake watu, idadi haijulikani.

Mwezi Januari mwaka huu wa 1976 kifua kilianza kumbana, akalazwa Tabora mara mbili, macho nayo yakafifia, na alichokuwa anauliza kitandani ni kimoja tu, kama kopo lile lilistahili taabu yake, kama miaka ile ya mkewe kushona kwa mkono ilikwenda bure au haikwenda bure, ndipo Anselm akaandika barua kwa Mzungu mmoja wa Nairobi aliyetangaza gazetini kwamba ananunua noti za badala, akamtumia na noti mbili za kuangalia, na tarehe 20 Agosti jibu likafika kwenye sanduku langu la posta, nikalileta kwa baiskeli kutoka Tabora, nikiwapita chui wanne njiani, mmoja nikampa lifti.

Anselm alikuwa Urambo, kwa hiyo niliifungua na kuisoma mimi, marehemu amelala, Mama Anselm amesimama mlangoni, na barua ilisema hivi, "Mheshimiwa Karani, noti zako ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, kila moja ina thamani ya ng'ombe mmoja," na zilikuwa arobaini na tatu, Mama Anselm akatoka, akachinja kuku, akarudi na mchuzi, akasema, "Kunywa, Baba Anselm," marehemu akanywa mpaka akalamba bakuli, halafu akanigeukia akaniambia, "Mabruki, soma tena."

Alifariki nyumbani Jumapili tarehe 19 Septemba 1976, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe, akiwa na miaka hamsini na mitano.

Leo asubuhi, kama mila inavyotaka, mimi mtani nililala ndani ya kaburi nikakataa kutoka mpaka nilipwe, Mama Anselm akafungua kopo mwenyewe kwa mara ya kwanza, akatoa noti ya juu ili anirushie, macho yake yakaangukia kwenye maandishi, akamwita Koleta amsomee, na ilikuwa imeandikwa, "Pelagia, mke wangu, Mei 1968, anakwenda kumzika mama yake, nimemkatia tiketi nikashindwa kumtazama," mama akaikunja akaitia kifuani, akasema, "Hii sitoi, mpeni nyingine," nikapewa ya Selemani asiye na furaha.

Familia inawashukuru sana madaktari na wauguzi wa Tabora waliompigania bila kuchoka, inawashukuru wafanyakazi wa reli waliotuletea jeneza kwa treni bila kutudai nauli, ingawa marehemu mwenyewe angedai tiketi, inawashukuru majirani wote mlioleta maji, kuni na machozi, nasi tunamshukuru Mungu kwa kutuazima mtu huyu.

Na kabla hatujashusha jeneza, kuna jambo moja katika historia hii nililolibuni, na si lile la kambale, lile nilikuwepo, ni barua, kwa sababu barua ile ilikuwa ya Kiingereza na mimi Kiingereza sikijui hata cha kumfukuzia mbwa, Anselm ameisoma jana usiku mbele ya mama yake, Mzungu anasema noti zimeandikwa wino kwa hiyo hawezi kuzinunua, hazina bei zaidi ya ile iliyochapishwa, kwa hiyo shemeji Tobias, ile kamba uliyokuja nayo ya kufungia ng'ombe utusaidie kuteremshia jeneza, na Mama Anselm, unisamehe, bei iliyochapishwa inanunua cherehani, ile moja ukibaki nayo.

Ila marehemu, Kiingereza alikijua, na alijua kuwa mimi sikijui, tulikaa naye miaka thelathini, na bado aliniambia nisome tena, nami mara ya pili nikaongeza ndama kwa kila ng'ombe, akacheka hadi kikohozi kikamshika.

Karani wetu, Kasimiri wa badala, zamu imekwisha, funga dirisha, pumzika kwa amani.