Mama Nukta na Ukuta Uliopotea

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka ishirini na tisa kazini, Mama Nukta wa Kitengo cha Uigaji atakabidhi funguo na kustaafu kwa heshima zote. Mimi wa mapokezi ndiye niliyeombwa kumwandikia, labda kwa sababu meza yangu inatazamana na mlango wake, na umbea wote wa kitengo hupitia kwangu. Namshukuru Mungu kwa nafasi hii.

Kwa asiyemjua, kazi yake ni kujenga majengo ndani ya kompyuta kabla hayajajengwa kwa matofali, kisha kuyajaza watu. Watu wenyewe ni nukta. Kila nukta hupewa akili yake kidogo, mwendo wake na woga wake, halafu huachwa ijiamulie. Hapo ndipo kasheshe huanza, maana nukta, kama sisi waja, hazitabiriki. Mwaka mmoja alizifundisha adabu ya kupishana mlangoni. Basi kila moja ikawa inamsubiri mwenzake atangulie. Tulikwenda kula mchana, tukarudi, tukazikuta palepale. Fundi wa mitandao akamwambia amezilea vizuri mno.

Alikuwa na desturi yake. Wenzake wakitazama grafu na majumla, yeye alichagua nukta moja tu, akaibandika jina la utani, akaifuata kwa macho tangu kengele inapolia mpaka inatoka nje ya jengo. Vijana walimtania kwamba anaangalia tamthilia. Aliwaagiza chai, akaendelea kuangalia.

Desturi hiyo ndiyo iliyotuokoa wakati wa wodi ya wazazi. Hospitali ilitaka kujua kama ngazi moja itatosha ghorofa ya juu moto ukitokea. Kompyuta ikajibu kwamba inatosha, tena watu watatoka upesi. Tukapiga makofi, na mkurugenzi akashika kalamu atie sahihi. Mama Nukta, ambaye siku hiyo alikuwa anaifuata nukta aliyoiita Shangazi, hakupiga makofi. Alikuwa amemwona Shangazi akipenya ukutani kama hewa.

Kumbe ramani yote ilikuwa imegawanywa miraba, na kila mraba ulikuwa mpana kuliko unene wa ule ukuta. Kompyuta haikuuona kabisa. Kuchora upya kwa miraba midogo kulimaanisha mashine ijikokote, na jibu la saa moja lichukue wiki kadhaa. Wakandarasi walikuwa wamechoka kusubiri. Mkurugenzi, ambaye leo husimulia kisa hiki mwenyewe huku akicheka, alimweleza wazi kwamba kazi ikichelewa tena kitengo kinaweza kufungwa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na barua za kusainiwa, nikamsikia akijibu bila kupandisha sauti:

“Bosi, huyu Shangazi ana kichanga mikononi. Kwenye kompyuta amepita ukutani. Siku ya moto atapita wapi?”

Mkurugenzi akairudisha kalamu mfukoni. Tukapewa muda. Majibu mapya yalisema ngazi mbili, na ngazi mbili zikajengwa.

Mwaka jana chumba cha kufulia cha hospitali hiyo kilishika moto, na moshi ukajaa ngazi ya kwanza. Wazazi wote walishuka salama kwa ya pili. Mmoja wao alikuwa mkwe wangu, amembeba mjukuu wangu ambaye hata jina alikuwa hajapewa. Nilipomweleza Mama Nukta aliniuliza kama mtoto ananyonya vizuri. Tangu hapo sijawahi kumsahau katika sala zangu.

Anatuacha mahali pazuri. Vijana waliomtania sasa kila mmoja ana nukta yake na jina lake, na hata fundi wa mitandao hupita kuulizia habari zao.

Mama, asante kwa macho yako na kwa subira yako. Mungu akupe afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wasikivu kuliko nukta. Nawe Ijumaa usishangae ukituona tumejazana madirishani. Tutakufuata kwa macho mpaka utoke getini salama.