Jumanne za Muthoki

Tarehe 30 Juni 2025 Muthoki Nyamai anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kiwanda chetu cha maembe, hapa barabara ya Mombasa. Chama cha wafanyakazi kimeomba niandike mimi, kwa sababu nimewauzia uji pale geti la nyuma miaka mingi, na kwa sababu nilimzaa. Nikijisifu, nivumilieni. Mwenye mtoto kama huyu atanyamaza namna gani?

Alianza kwa kumenya, akafika kuwa karani wa stoo. Mfumbe macho, umpe embe anuse tu, atakwambia hili ni la Mbooni.

Mnakumbuka 2020, tulivyoandamana mpaka mjini Wote. Wazungu walikuwa wanapita geti la mbele wakipigiwa saluti, sisi Waafrika nyuma, tukipekuliwa kama wezi. Tulijaa barabara yote! Wakubwa wakaomba msamaha, wakaunda kamati, wakapaka geti la nyuma rangi mpya. Na sisi tukashangilia rangi. Mvua ya Novemba ikaja, kila mtu akaenda kupanda pojo. Waliokuwa na sauti kubwa wakapewa usupavaiza, wakanyamaza. Mwaka ukaisha, watu bado wanapekuliwa.

Muthoki ndiye aliyeona kosa letu. Aliwauliza wenzake, "Kwani kwa mwethya tunalima siku moja, tunaimba, tunaenda nyumbani?" Sisi Wakamba tunajua mwethya ni zamu, leo matuta ya kwangu, kesho ya kwako, mpaka shamba la mwisho. Akapanga vivyo hivyo. Kila Jumanne mtu mmoja aende kwa meneja na swali moja: geti la mbele mtatufungulia lini? Ukikosa zamu yako, unanunulia wote chai.

Mlinzi Muthama alikuwa anamtania Muthoki kila zamu yake ikifika. "Mama, umeleta tena hilo swali?"

"Nimeleta. Na wewe hujachoka kupekua mifuko ya shangazi zako?"

Jumanne ya themanini na nne, meneja ndiye aliyechoka. Sasa wote tunapita mbele, na Muthama ananipigia saluti hata mimi na ndoo yangu ya uji.

Lakini umeneja bado hajapewa Mwafrika hata mmoja, na nasikia wengine mkisema Muthoki akienda, maswali nayo yapumzike. Hivyo ndivyo tulivyolala mara ya kwanza.

Asante, mwanangu. Mungu akupe miaka mingi ya kulima bila haraka, na magoti yasikuume.

Anastaafu Jumatatu. Kesho yake, Jumanne, ni zamu ya mwenzenu Kitonga, saa tatu asubuhi, kwa meneja.