Mzee Kasimiri Bartholomeo na Misitu ya Kitundwi, 1921–1979

Marehemu Mzee Kasimiri Bartholomeo alizaliwa Matombo tarehe 14 Machi 1921, mtoto wa pili wa Mama Cecilia. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1935 baba yake alipofariki.

Mwaka 1946 aliajiriwa kuwa mlinzi wa msitu hapa Kitundwi. Msitu wa juu ni wa serikali. Wa chini, penye makaburi na chemchemi, ni wa ukoo wetu. Kati ya misitu hiyo palikuwa na ukanda mwembamba wa miti. Kila asubuhi ndege aina ya kulukulu waliupita wakishuka na mbegu za matunda waliyokula juu. Marehemu aliwaamkia. Mkewe Filomena, aliyefunga naye ndoa mwaka 1948, alizoea kumtania: "Ndege wanapewa shikamoo, mimi naulizwa ugali uko wapi."

Mwaka 1974 kaya za mlimani zilikusanywa pamoja, na kijiji kikatafuta mahali pa shamba la ujamaa. Wengi walitaka msitu wa chini. Marehemu alisimama mkutanoni akasema, "Chukueni ule ukanda wa katikati. Misitu yote miwili itabaki." Wakakubali. Alipigilia vigingi vya mpaka kwa mkono wake, akarudi nyumbani akiimba.

Ukanda ulifyekwa ukapandwa mahindi, na kulukulu hawakuyavuka. Upepo uliingia ubavuni mwa msitu wa chini ukaangusha miti mikongwe, na haikuota mingine. Kila Pasaka marehemu alihesabu miche: arobaini na mmoja, kisha tisa, kisha hakuna. Alipostaafu mwaka 1976 alibeba mbegu kikapuni kutoka juu, akazipanda. Zilichipua, zikanyauka. Oktoba 1978 chemchemi ilikauka.

Februari mwaka huu alianza kuugua kifua. Akiwa hospitalini Morogoro alimwambia dada yake, Anastasia: "Nilidhani nimeokoa misitu miwili. Kumbe ulikuwa mmoja." Dada alimjibu kwamba hakuna anayemlaumu. Marehemu aligeukia ukutani. Alifariki tarehe 9 Juni 1979, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, watoto wawili, Scholastika na Benedikto, wajukuu watano, dada na wapwa.

Tunamlaza leo katika msitu wa chini, kama alivyoomba. Mungu ampe pumziko. Maji ya kunawa baada ya mazishi yamebebwa na akina mama kutoka mtoni, mwendo wa saa mbili. Tuyatumie kidogo kidogo.