Verediana Kalinga, Aliyezifundisha Nyumba Zetu Kumtuliza Mgonjwa

Ndugu waombolezaji, wakwe zetu wa hapa Rujewa, na ninyi mliokuja na lori tangu jana kutoka Iringa, kamwene. Familia imeniomba niisome safari ya dada yetu. Mimi ni Liberatus, kaka yake wa kwanza. Nikikawia mahali mnivumilie, maana mambo yake ni mengi na mengine ni matamu kuyakumbuka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1936 kijijini Wasa, Iringa, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Crispin Kalinga na Mama Roza. Alikuwa mtoto wa maneno machache. Bibi yetu mzaa baba alipougua miguu, marehemu akiwa na miaka sita tu ndiye aliyekuwa akimkanda kwa maji ya moto, hata bibi akawa hataki mkono mwingine. Sisi kaka zake tulimtania, "Wewe umeolewa na bibi." Naye akajibu, "Afadhali bibi, halii ovyo kama ninyi." Nyumba ile imeshaanguka sasa, limebaki jiwe la kusagia, lakini nikipita pale bado nausikia moshi wa jiko lile.

Alianza shule Wasa mwaka 1944, akaendelea Tosamaganga hadi alipomaliza darasa la nane mwaka 1952. Mwaka uliofuata aliingia mafunzo ya uuguzi, akapata cheti mwaka 1956. Huko nako alikuwa na yake. Siku moja mlezi wao alimkuta amekaa kitandani kwa bibi mmoja aliyekuwa mahututi. "Verediana, muuguzi hakai kitandani kwa mgonjwa." Akasimama, akasema, "Nimekosa, Sista. Lakini huyu hasikii vizuri, na nikisimama itanibidi nipige kelele wodi nzima isikie anavyokufa." Sista aliondoka. Jioni ile wanafunzi waliona kigoda kimewekwa kando ya kile kitanda.

Mwaka 1957 aliajiriwa katika hospitali ya misheni upande wa Mbeya. Alipelekwa pia Chunya miaka miwili, akarudi likizo na nguo zote rangi ya vumbi, mama akazifua mara tatu. Ni katika hospitali ile ya Mbeya alipoletwa kijana Maganga Budeba, fundi wa mashine ya kukoboa mpunga, kidole kimebanwa na mkanda. Shemeji, leo nitasema: ulikuwa ukija kusafishwa kidonda hata baada ya kidonda kupona. Baba yetu alisita. Alisema, "Msukuma huyu atakupeleka bondeni kwenye mbu." Marehemu akamjibu, "Baba, penye mbu ndipo penye wagonjwa." Walifunga ndoa tarehe 4 Novemba 1961. Mungu aliwajalia watoto wawili, Bujiku na Regina.

Sasa nifike kwenye kazi yake ile ambayo wengi wenu mmeijia hapa leo.

Mwaka 1971 baba mkwe wake, Mzee Budeba, ambaye alikuwa amehamia Usangu na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, alipata uvimbe wa koo. Hospitali ikasema haina la kufanya, arudishwe nyumbani. Siku zile neno hilo likishasemwa, ndiyo basi, watu wanakaa na mgonjwa wao wanamsikiliza akiumia. Marehemu alimwomba daktari chupa ya mofini, dawa ya maji ya kutuliza maumivu makali, akamwachia mama mkwe wake, Mama Kashindye, akarudi zamu.

Baada ya juma moja alikuja. Chupa ilikuwa imejaa vilevile.

"Mayu," akamwita kwa Kisukuma, yaani mama, "mbona hamjampa?"

Mama Kashindye akasema, "Mwanangu, dawa kali namna hii si ya kumaliza. Tumeitunza kama mbegu. Tunangoja siku ya maumivu makubwa."

"Na baba usiku analala?"

Mzee mwenyewe akajibu kutoka kitandani, kwa sauti ya kukwaruza. "Mkwe wangu, nilinyamaza ili ibaki."

Marehemu aliniambia habari hiyo mara nyingi, na kila mara alijilaumu yeye, hakuwalaumu wao. "Niliwapa chupa, kaka, sikuwapa maneno." Siku ile alikaa nao chini akawaeleza kwamba dawa hii haingoji maumivu, hutangulia mbele yake, kila baada ya saa nne. Saa yenyewe hapakuwa nayo. Mama Kashindye akafikiri, akasema, "Ng'ombe wanayo." Wakapanga: dozi ya kwanza ng'ombe wakikamuliwa alfajiri, ya pili jua likishakausha umande malishoni, ya tatu wakishuka kunywa maji saa nane, ya nne wakiingia zizini, na ya mwisho, kubwa kidogo, watu wakienda kulala. Mzee Budeba aliishi wiki saba tena. Alikaa nje karibu na zizi, akawachekesha wajukuu, akapatana na mdogo wake ambaye walikuwa hawasemeshani tangu Shinyanga. Alikufa akiwa na akili zake.

Baada ya hapo marehemu hakutulia. Alitaka kina mama wa vijijini wafundishwe. Daktari alimwambia, "Dawa hii inakaa kwenye kabati lenye kufuli mbili. Wewe unataka kuipeleka kwenye nyumba isiyo na mlango?" Akamjibu, "Daktari, maumivu yameshaingia humo. Hayakuuliza mlango." Daktari akakubali kwa sharti moja, kwamba dawa ishikwe na yeye mwenyewe, Verediana, na asipokuwepo irudi kabatini. Darasa la kwanza lilianza Februari 1973, kina mama kumi na mmoja, na aliyefundisha habari ya saa za ng'ombe alikuwa Mama Kashindye, asiyejua kusoma. Watu wakawaita wamama wa dawa. Walifika Chunya, walifika milimani Mbeya.

Mwezi Novemba 1978 marehemu aliona uvimbe kwenye titi. Alikwenda Dar es Salaam, akaambiwa umeshasambaa. Ilikuwa wakati wa vita, malori yamekwenda Kagera, dawa shida. Daktari yule wa sharti alimtengea kitanda hospitalini. Alikataa. Alisema, "Nikifia wodini, dawa itarudi kabatini siku hiyohiyo. Niuguzeni nyumbani, daktari aje aone wanavyoweza." Aliyekuwa akimuuguza ni Tusekile, mwanafunzi wake kutoka milimani, pamoja na binti yake Regina.

Daktari alikuja mwezi Juni bila kutoa taarifa. Alimkuta mgonjwa amelala usingizi wa kweli, Tusekile anamgeuza ubavu ili ngozi isichubuke. Akauliza dozi, akajibiwa. Akauliza tumbo likifunga mnafanyaje, akajibiwa. Akapewa maziwa mgando, akanywa, akaondoka. Tulikaa wiki saba hatujui ameamua nini. Tarehe 2 Agosti ilikuja barua: Tusekile aishike dawa, na madarasa yaendelee. Marehemu aliomba isomwe mara mbili. Kisha akasema, "Haya. Sasa naweza kuugua vizuri."

Alifariki nyumbani kwake hapa Rujewa, Jumatano tarehe 15 Agosti 1979, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe.

Ameacha mume, Maganga. Watoto, Bujiku na Regina. Mama mkwe, Mama Kashindye. Sisi kaka zake wawili. Na wamama wa dawa thelathini na mmoja.

Neno la mwisho la familia ni hili. Ikikaribia saa nane mtawaona Tusekile na Regina wakiondoka kaburini kabla ya mashada. Najua kwetu si desturi, tena kwa mtoto wa marehemu. Msiwasengenye. Mzee Saulo, ng'ambo ya mfereji, anangoja dawa yake, na marehemu asingekubali mtu aumie kwa sababu anazikwa yeye. Wapisheni njia.

Bwana amlaze dada yetu kwa amani, pasipo maumivu.