Msisubiri Turubai

Mheshimiwa Mwenyekiti wa mtaa wetu, Ndugu Katibu, waheshimiwa wajumbe wa kamati, viongozi wetu wa dini, ndugu wageni waalikwa, majirani zangu wake kwa waume, na ninyi mliobanana mlangoni mkichungulia kama kweli natembea kwa miguu yangu: nawasalimu wote. Ni mimi. Mwenye wasiwasi atanishika mkono tukimaliza.

Mwenyekiti ameniita mbele ili kamati iniombe radhi kwa kutangazwa marehemu nikiwa hai. Nikishapokea radhi hiyo, Kipaza, anayetusomea habari za mtaa na shughuli zijazo katika kila mkutano, avuliwe kazi na karatasi apewe mwingine. Nimeambiwa niseme maneno machache. Wanaonijua wanajua sina maneno machache. Sikwenda shule, kwa hiyo hakuna aliyenifundisha mahali pa kuweka nukta.

Kwa ninyi wageni ambao hamkuwepo mkutano uliopita, mambo yalikuwa hivi. Asubuhi ile nilikwenda kliniki ya macho. Mlango nikaufunga, geti nikalirudishia tu, maana komeo lake lilikufa zamani, kabla yangu. Sasa, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, fundi bomba, alikuwa anamwoza binti yake, na aliwaagiza vijana wa maturubai waende kwenye geti la bluu. Geti lake ni la bluu. La kwangu pia ni la bluu, kwa sababu rangi iliyobaki kwake ndiyo aliyonipakia mimi, na Mungu ambariki kwa hilo. Vijana wakaingia kwangu, wakasimamisha turubai, wakapanga viti, wakaenda zao.

Fundi cherehani, ambaye ukuta wangu na wake ni mmoja, akafungua dirisha lake akaona turubai. Akaita, "Bibi?" Kimya. Akagonga ukuta kama tunavyogongeana. Kimya. Hebu nambieni ninyi wenye akili zenu: nyumba ya mwanamke mzee anayeishi peke yake ikisimamishiwa turubai, mtu afikirie nini? Kwamba naolewa?

Akakimbilia hapa ukumbini, pini bado zimechomekwa kwenye kola. Kipaza alikuwa amefika kwenye habari ya kukatika maji. Alipoambiwa na fundi, akaweka karatasi chini, akavua kofia, akawatangazia. Nimeambiwa mlisimama nyote, hata wale ambao huwa hawasimami kwa jambo lolote.

Mimi huko kliniki walinitia dawa ya matone, dunia yote ikawa kama naitazama kupitia chandarua. Nikafika getini nikakuta uani kumejaa watu. Nikadhani nimekosea nyumba. Nikasema samahani, nikageuka kuondoka. Kisha mkono ukagusa komeo bovu, nikajua ni kwangu. Palikuwa na mama mmoja pale analia. Nikamwuliza, "Nani amefariki?" Hakuniangalia. Akasema, "Bibi wa hapa, mama yangu. Alikuwa mtu wa watu."

Mtu wa watu. Nikajiuliza, watu gani?

Hapa ndipo naomba kamati ifungue masikio. Ningeweza kusema palepale kwamba ni mimi. Sikusema. Nilivuta mtandio mpaka usoni nikaketi kwenye kiti cha nyuma kabisa. Nilikaa kimya kwa sababu nilijua nikifungua mdomo tu, mtaondoka. Ua wangu haukuwa umeona watu tangu tulipomzika mume wangu, na nyumba ikikaa kimya sana unaanza kujikohoza makusudi ili usikie kuna mtu. Basi nikasema moyoni, acha nikae kidogo na wageni wangu.

Nikasikiliza. Muuza mkaa alisimulia nilivyomwuguza mkewe, akakumbuka hata shuka niliyowapelekea, ilikuwa na maua gani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeisahau. Mwalimu mstaafu akasema hajawahi kucheka kama alivyocheka siku nilipomfukuza mbwa wake kwa mwiko. Mzee mmoja akasema nilikuwa na ulimi wa wembe. Sitamtaja, ila yuko safu ya pili na amevaa koti. Hata huyo nilimshukuru. Maana kusemwa vibaya nako ni kukumbukwa.

Lakini nawauliza, ndugu zangu, na siulizi kwa ugomvi: maneno mazuri yote yale mlikuwa mmeyaweka wapi? Muuza mkaa, unapita mbele ya geti langu kila asubuhi. Unaita "mkaa, mkaa," nami naitikia kutoka jikoni, wewe unaendelea. Shuka yenye maua ilikuwa kichwani mwako muda wote huo, kwa nini usisimame ukaniambia? Ilikuwa mpaka nisiwepo?

Aliyenifichua ni fundi cherehani. Alikuwa anagawa chai huku machozi yanamdondoka. Akanipa kikombe, akasema, "Pole mama, kunywa." Nikamwuliza, "Sukari umeweka?" Kikombe kikaanguka. Viti vitatu navyo vikaanguka, pamoja na waliokuwa juu yake.

Mlinikumbatia, siwezi kukataa. Mlicheka, mkanigusa mashavu, mmoja akasema nimempotezea siku yake. Kisha fundi bomba akaja mbio na vijana kuchukua turubai lake, wageni wa harusi walikuwa njiani. Wakalishusha, nanyi mkaondoka nalo, kama vile mlikuwa mmefungwa kwenye kamba zake. Nikabaki na alama za miguu ya viti mchangani. Kesho yake nilifagia ua nikizizunguka.

Huo ndio msiba wangu, na mlikuwa mmeshaondoka.

Siku hiyo hiyo ya kufagia akafika mwanangu, dereva wa malori, aliyepigiwa simu kule mbali. Alikuja na suti nyeusi mkononi. Alikuwa ameshaambiwa njiani kwamba niko hai, lakini alipoingia akaketi chini mchangani kama mtoto.

"Mama, umenitia hofu."

"Sikukutia mimi. Inuka ule."

"Nilikuwa nije tu, mama. Nilikuwa najipanga."

"Ungekuja lini?"

Akaitazama ile suti. Sikumwuliza tena, kwa sababu ni mwanangu na alikuwa amechoka. Akanitengenezea komeo la geti, akanibusu kichwani, akarudi kwenye lori. Sasa geti linafunga vizuri kabisa. Sijui kama nimepata faida.

Haya, Mwenyekiti, nirudi kwenye radhi yenu. Siipokei, kwa sababu hamjanikosea pale mnapodhani. Mnataka kumvua Kipaza kazi kwa kuwa alinitaja bila kuhakikisha. Baba, katika ukumbi huu mmetangaza mbuzi waliopotea, mmetangaza chanjo, mmetangaza harusi na mifereji iliyoziba. Mimi nimekaa mtaa huu tangu hapa palipokuwa kichaka, na siku niliyotajwa katika habari za mtaa ni siku niliyokufa. Na aliyenitaja alivua kofia. Huyo ndiye mnayetaka kumwondoa?

Kipaza, mwanangu, usiinamishe kichwa, simama. Kama kamati itakubali, na kamati itakubali kwa sababu naiangalia, rudi kwenye kipaza sauti chako, na katika shughuli zijazo uwasomee hii ya kwangu. Haijaandikwa, ishike kichwani kama ninavyoshika mimi yangu.

Jumapili hii, saa kumi jioni, bibi wa geti la bluu atakuwa nyumbani. Jumatatu pia atakuwa nyumbani. Jumanne atakwenda kliniki ya macho, lakini mchana atakuwa amerudi, haoni vizuri, kwa hiyo ukiingia jitaje. Jumatano atakuwa nyumbani. Chai ipo, sukari mwambieni yeye mwenyewe kiasi gani. Mwenye maneno mazuri aje nayo. Mwenye maneno mabaya naye aje, hasa wa safu ya pili. Komeo ni jipya, lakini linafunguka kwa nje, nimelijaribu.

Turubai halitakuwepo. Viti ni viwili tu, kimoja cha marehemu mume wangu, na huyo hatakidai. Msipite mkatazame uani mkaona hakuna kitu, mkasema hakuna shughuli. Shughuli ipo. Mimi ndiyo shughuli yenyewe. Msisubiri turubai.

Namshukuru fundi cherehani kwa kugonga ukuta. Leo ukigonga nitajibu. Nawashukuru vijana wa maturubai kwa kukosea. Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu wageni waalikwa, majirani zangu, asanteni kwa kunisikiliza nikiwa hai.