Dada Yetu, Fundi wa Kunyoosha Mwale

Dada yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, kifungua mimba wa baba fundi wa mabehewa na mama mshonaji. Kitinda mimba ni mimi ninayewasomea. Katikati yetu hakuna mwingine, ndiyo maana nilidhani ni wangu peke yangu.

Alisoma shule ya msingi hapohapo relini, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1984 akahitimu chuo cha ufundi. Likizo akifungua redio ya baba, mimi nilimshikia tochi. Kugusa? Thubutu!

Mwaka 1986 aliajiriwa na maabara kuendesha hadubini ya elektroni, mtambo wa kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho, mrefu kuliko mlango, ndani ya chumba cha giza. Kila asubuhi ilibidi kwanza aunyooshe mwale wa elektroni upite katikati kabisa. Alizungusha swichi mbili kama za redio, kila mkono na yake, macho kwenye kioo cha kijani. Taswira ikiyumba pembeni, bado. Ikitanuka na kusinyaa palepale bila kuhama, tayari. Ukikohoa tu, umeutikisa, unatolewa nje. Mimi nilitolewa. Mwanafunzi wake, yule binti mwenye blauzi ya bluu pale nyuma, hakutolewa hata siku moja.

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1991 na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu. Bibi harusi alichelewa kwa sababu mtambo uligoma. Shemeji akasema, “Nimeoa mke mwenye mume wa chuma!” Watu wakavunjika mbavu. Mimi sikucheka, maana kwenye foleni ya kumsubiri nilimtangulia shemeji.

Mwaka jana alianza kuugua ini. Nilimleta kwangu, nikamwogesha, nikamlisha, nikalala sakafuni kando yake. Siku ya mwisho mikono yake ilihangaika juu ya shuka. Nikadhani ananitafuta, nikaishika. Akaikwapua: “Niache, unatikisa!” Ndipo akaingia yule binti. Hakumgusa. Aliitazama ile mikono, akasema taratibu, “Kushoto kidogo, mama. Kidogo tena. Hapo hapo. Haiyumbi.” Mikono ikatulia. Dada alifariki dunia tarehe 2 Juni, saa kumi jioni, uso wake ukimwelekea mtoto wa watu. Jamani, niliona wivu, na hadi sasa ninauona.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili wa kiume, mjukuu mmoja na mdogo wake. Shemeji alitaka yule binti naye atajwe hapa pamoja na watoto. Nilikataa katakata, tukanuniana, mwisho nikasalimu amri. Haya, binti, usisimame huko nyuma na wageni. Njoo mbele. Kaa upande wa shemeji, lakini. Huu wa kichwani mwa jeneza ni wangu.

Dada, Mungu akupumzishe kwa amani.